Kufungua maktaba ya chuo kikuu cha umma kwa watu wa nje: tuanzie wapi?

RafuYaTatu:

Habari za kazi wakuu.

Chuo kikuu cha umma, maktaba ya ghorofa tatu, viti 420, wakutubi 11 wanaogawana zamu mbili. Mfumo wa kompyuta tunaoendeshea maktaba (wasomaji, kuazima na kurudisha vitabu) ni Koha. Majarida mengi tunayolipia yako mtandaoni. Uongozi umeagiza kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo maktaba “ifunguliwe kwa jamii”, na agizo limeishia hapo. Hakuna aliyesema jamii ni nani, wala kinachofunguliwa ni nini.

Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii, kwa undani iwezekanavyo:

1. Watu wa nje waazime vitabu au wasomee ndani tu? Amana je?
2. Wanaweza kusoma majarida ya kulipia bila sisi kuvunja mikataba?
3. Wakati wa mitihani viti havitoshi hata kwa wanafunzi. Tuwafungie nje?
4. Shule za sekondari za jirani zinataka tuwapelekee vitabu. Gari la maktaba hatuna, na halitakuja.
5. Wasioona: tumepewa kompyuta moja tukaambiwa “iwekeni pale”. Pale wapi, na iwe na nini?

---

KauntaYaMbele:

Mkuu, hilo neno “fungua” livunje vipande vitatu kabla hujafanya lolote: kuingia na kukaa, kuazima, na kutumia vya mtandaoni. Kila kimoja kina kanuni zake, na maktaba nyingi zinakwama kwa sababu zimeviweka vyote kwenye kadi moja.

Kuingia mpe kila mtu, bure. Aonyeshe kitambulisho chochote chenye picha, aandikwe jina, simu na saa aliyoingia. Basi. Nakala ya kitambulisho usichukue. Ukianza kurundika nakala za vitambulisho vya watu kwenye faili umejitwisha mzigo wa kuzilinda, na hazikusaidii kitu ambacho jina na simu havikusaidii.

Kuazima kunataka kadi, na kadi inataka aina mpya ya msomaji kwenye Koha. Hapa fungua macho. Koha ikitafuta kanuni ya kuazima huanza na ile mahususi zaidi (tawi hili, aina hii ya msomaji, aina hii ya kitabu), ikikosa hupanda hadi kwenye mstari wa jumla wa “wote”. Maktaba nyingi mstari wa “wote” uliandikwa zamani kwa kumfikiria mwanafunzi. Kwa hiyo ukitengeneza aina ya “NJE” ukasahau kuiwekea mstari wake, mgeni atachukua vitabu vile vile na siku zile zile za mwanafunzi, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini. Utagundua mwezi wa pili.

Kosa la pili liko papo hapo kwenye jedwali: kisanduku cha idadi ya vitabu kikiachwa tupu hakisomwi kama sifuri, kinasomwa kama “bila kikomo”. Unayetaka asiazime kabisa mwandikie 0 kwa mkono.

Viwango vya kuanzia visivyoumiza mtu: kitabu 1 kwa miezi mitatu ya kwanza, baadaye 3, siku 14, kuongeza muda mara 1 iwapo hakuna anayekisubiri, na kuwekesha kitabu (kuomba kishikiliwe kikirudi) iwe 0 kwa mwaka mzima wa kwanza. Hilo la kuwekesha ndilo litakaloleta kelele. Mwanafunzi akifika kaunta akaambiwa kitabu cha kozi yake kimewekeshwa na mtu wa nje, barua kwa uongozi itaandikwa siku hiyo hiyo. Vitabu vya akiba, vile vya kutoka kwa saa mbili, visitoke mlangoni kwa yeyote asiye wa chuo.

Uanachama uwe wa miezi 12, si zaidi. Sababu si ada. Simu za watu hubadilika, na kuhuisha kadi ndiyo nafasi pekee ya kupata namba mpya.

Kuhusu amana: toza kiasi kinachokaribia bei ya kitabu kimoja cha kawaida, rudisha kadi ikifungwa.

---

MizaniYaHesabu:

Namuunga mkono KauntaYaMbele kwa yote isipokuwa amana. Amana kwenye taasisi ya umma ni mtego.

Pesa ikipokelewa inaingia akaunti ya mapato ya chuo pamoja na mapato mengine. Siku msomaji anaitaka, kwa mhasibu hiyo si “kurudisha amana” tena, ni malipo mapya: hati ya malipo, sahihi mbili tatu, kasma (fungu la bajeti) ya kutolea. Msomaji atazungushwa wiki nyingi kwa hela ndogo, na jina litakaloharibika ni la maktaba, si la uhasibu. Kama lazima mtoze, akaunti ya amana ifunguliwe peke yake kabla ya risiti ya kwanza kukatwa, na utaratibu wa kurudisha uandikwe: nani anasaini, ndani ya siku ngapi.

Njia nyepesi ni mdhamini. Barua moja ya mwajiri, mkuu wa shule au ofisi ya serikali ya mtaa, yenye mhuri, inayotaja jina na makazi ya mwombaji. Kwa walio chini ya miaka 18 asaini mzazi au shule. Ukiongeza na ile kanuni ya kitabu kimoja miezi mitatu ya kwanza, hasara kubwa unayoweza kupata kwa mtu mmoja ni kitabu kimoja. Kufunga kadi kitabu kikichelewa kunarudisha vitabu kuliko faini. Faini ikishalimbikizana mtu anaona afadhali abaki na kitabu.

---

KauntaYaMbele:

Hoja ya akaunti naikubali. Nafuta amana, naweka mdhamini.

---

WayaNaSwichi:

Nijibu namba 2, maana hapa ndipo chuo kizima kinaweza kukatiwa huduma kwa kosa la mtu mmoja.

Kwanza soma mkataba wa kila mchapishaji, ukurasa unaoeleza nani ni mtumiaji halali. Mingi inawatambua watu wa aina mbili: wa chuo (wanafunzi, walimu, watumishi), ambao wanaweza kusoma popote walipo, na mgeni aliyeko ndani ya jengo la maktaba, ambaye anasoma akiwa humo humo tu. Baadhi ya mikataba haina hao wa pili. Tengeneza jedwali la safu tatu: jina la hifadhidata (mkusanyiko wa majarida mnaoulipia), mgeni ndani ya jengo ndiyo au hapana, tarehe ya mkataba kwisha. Mkataba usiomtaja mgeni, mwandikie mchapishaji uombe kipengele hicho wakati wa kuhuisha. Wengi hukubali bila kuongeza bei, maana ni jambo la kawaida kwa maktaba za vyuo vya umma.

Sasa mitambo. Mchapishaji hamwoni mtu, anaona anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao wenu unatambulika nayo kwenye intaneti. Vyuo vingi vinatoa kompyuta zote na Wi-Fi zote kwenye intaneti kupitia anwani moja au chache. Maana yake mgeni aliyekaa bustanini na simu yake, akitumia Wi-Fi ya wageni, kwa mchapishaji ni profesa. Mkataba umevunjwa na hakuna aliyekusudia. Na mgeni huyo akiwasha programu ya kupakua jarida zima toleo kwa toleo, mfumo wa mchapishaji unaona mamia ya mafaili kwa dakika chache na kufunga anwani. Inafungwa anwani, si mtu, kwa hiyo kitivo cha tiba nacho kinabaki bila majarida mpaka barua pepe zijibiwe.

Dawa yake:

Wi-Fi ya wageni iwe mtandao wa pekee, unaotoka nje kwa anwani yake yenyewe ambayo haimo katika orodha mliyowapa wachapishaji. Mgeni anapata intaneti ya kawaida, hapati hifadhidata.

Kompyuta za wageni, tuseme 6 au 8, ziwe ndani ya maktaba, kwa waya, zikitoka kwa anwani iliyosajiliwa. Zile tu ndizo zinazofungua majarida. Kama kuna hifadhidata isiyoruhusu wageni, ifungwe kwenye hizo mashine.

Kwa wanaotumia EZproxy au mfano wake kusoma kutoka nyumbani: akaunti za wasomaji wa nje zisiwemo kabisa kwenye kundi linaloruhusiwa. Angalia sana kama EZproxy inathibitisha watu kupitia Koha. Ukimwandikisha msomaji wa nje kwenye Koha akapata nenosiri, huenda mlango wa kusomea nyumbani umemfungukia bila mtu kukusudia. Chujio liwekwe kwa kufuata aina ya msomaji, halafu jaribu kwa kadi ya mfano kabla ya kumpa mtu halisi.

Kikao kiwe dakika 60, na mashine ijisafishe kila kikao kinapokwisha: mafaili, historia, na barua pepe alizosahau kufunga. Watu huacha vyeti vyao vilivyoskaniwa kwenye skrini ya mwanzo kila siku ya Mungu.

Halafu usiwanyime wageni kwa kudhani kila kitu ni cha kulipia. Kwenye kompyuta za wageni ukurasa wa mwanzo uwe na DOAJ (majarida huria, ipo tangu 2003), DOAB kwa vitabu huria, PubMed Central kwa afya, na hazina ya tasnifu za chuo chenu. Wakiwa nyumbani watavipata pia, kwa hiyo dakika kumi za kumfundisha mtu kutafuta humo zina faida kuliko mwezi wa kadi.

---

RafuYaTatu:

WayaNaSwichi, hilo la EZproxy na Koha limenishtua, ndivyo tulivyo kabisa. Kesho naanza nalo.

Kuhusu nafasi: wazo lililopo ni kuhamishia rafu za ghorofa ya chini juu ghorofa ya tatu, kwenye ukumbi wa kusomea, ili chini pawe pa wageni. Kuna ubaya?

---

NguzoNaBoriti:

Upo, na ni mkubwa. Simamisha kwanza.

Sakafu ya ukumbi wa kusomea na sakafu ya rafu za vitabu hazijengwi sawa. Kiwango kinachotumiwa sana na wahandisi ni kilonewtoni 2.9 hivi kwa mita ya mraba kwa chumba cha kusomea, na 7.2 kwa vyumba vya rafu. Yaani takriban kilo 290 dhidi ya kilo 730. Rafu zile za kusogezwa kwa gurudumu zinazobanana zinahitaji zaidi ya hapo.

Piga hesabu mwenyewe. Rafu ya pande mbili yenye urefu wa sm 90, vibao sita kila upande, vitabu 30 kila kibao: vitabu 360. Kitabu cha chuo ukikikadiria kilo 0.7, ni kilo 250 juu ya nafasi isiyofika nusu mita ya mraba, na chuma chenyewe bado. Majarida yaliyojalidiwa ni mazito zaidi. Ukipanga rafu kama hizo ishirini juu ya sakafu ya viti na meza, jengo halianguki siku hiyo. Sakafu inaanza kupinda polepole, milango inakwama, nyufa zinatokea kwenye dari ya ghorofa ya pili, na watu wanalaumu fundi wa rangi. Pateni michoro ya jengo na sahihi ya mhandisi, la sivyo rafu zibaki chini na wageni wapande juu kama lifti ipo.

Kama lifti haipo au inakufa kila mara, basi wageni hawapandi. Wazee na wenye viti vya magurudumu watakuwa wengi zaidi miongoni mwa wageni kuliko miongoni mwa wanafunzi. Njia kati ya rafu na rafu isipungue sm 91. Sm 107 ndiyo inayomwezesha mwenye kiti cha magurudumu kupita bila kukwaruza vidole. Kila kiti cha kusomea na sehemu yake ya meza na mapito kitengee mita za mraba 2.3 hivi. Ukitaka viti 40 vya wageni tafuta mita za mraba 92, si kona.

---

KitiNaMeza:

Namba 3, mitihani.

Usianze na marufuku, anza na hesabu ya viti. Wiki mbili, moja ya kawaida na moja iliyo karibu na mitihani, mtu apite kila ghorofa saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 3 usiku. Ahesabu vitu viwili mbalimbali: viti vyenye watu, na viti vyenye daftari au koti tu. Hiyo safu ya pili ndiyo inayofumbua mambo. “Maktaba imejaa” mara nyingi maana yake imejaa mabegi.

Kwa viti hivyo kanuni ni fupi. Mtumishi anaacha kikaratasi chenye saa. Akirudi baada ya dakika 45 akakuta mtu hajaja, vitu vinapelekwa kaunta na kiti kinapewa aliyesimama. Bila kikaratasi usiguse kitu cha mtu, utaambiwa kulikuwa na laptopu.

Ukishaipata hesabu utaona wanafunzi wanajaa mchana na usiku, ilhali asubuhi kuna nafasi. Basi wageni wape asubuhi bila kikomo, na kuanzia saa 8 mchana viti 40 vya idadi maalumu, kila kimoja kikiwa na kadi ya plastiki inayotolewa getini. Kadi zikiisha, anayefuata anasubiri. Majuma matatu ya mitihani punguza kadi ziwe 15. Usiziondoe zote. Tangazo la kupunguza libandikwe mwezi mmoja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe.

Na angalieni sheria zenu kabla ya kumfungia mtu nje. Marekani, kwa mfano, maktaba za vyuo vikuu vya majimbo zilizoteuliwa kutunza machapisho ya serikali kuu zinabanwa kisheria kumruhusu mtu yeyote kuyasoma bure. Hata wiki ya mitihani mgeni anayetaka hayo machapisho hawezi kurudishwa mlangoni. Kama maktaba yenu inapokea nakala ambazo wachapishaji wanabanwa na sheria kuzikabidhi, au nyaraka za umma, swali ni lile lile.

---

SandukuLaVitabu:

Namba 4. Gari halihitajiki, linahitajika sanduku zuri na ratiba inayoheshimiwa.

Sanduku: plastiki ngumu, kifuniko cha kubana, mishikio miwili, lisilopitisha maji. Vitabu 30 kila moja, si 50. Vitabu 30 vya sekondari ni kilo 13 hadi 15, mtu mmoja ananyanyua bila kuumia mgongo. Vya 50 litaburutwa, na sanduku linaloburutwa linapasuka kona katika muhula wa kwanza. Orodha ya vitabu ichapwe nakala mbili: moja ibandikwe ndani ya kifuniko kwa plastiki ya kunata, nyingine ibaki maktaba. Msimbopau ubandikwe nje ya jalada, juu, upande wa kushoto, vitabu vyote mahali pamoja. Hapo mwalimu anakagua vitabu 30 kwa dakika mbili bila kufungua hata kimoja.

Kwenye Koha shule iwe msomaji mmoja wa aina ya taasisi, na sanduku zima liazimwe kwa kadi hiyo kwa wiki 10. Usiandikishe wanafunzi wa shule mmoja mmoja, hutawaweza. Ndani ya shule wanatumia daftari la kawaida: jina, kidato, namba ya kitabu, tarehe. Tarehe ya kurudisha ipange iangukie wiki mbili kabla ya shule kufunga. Ikiangukia wiki ya kufunga, vitabu vinasafiri likizo.

Mzunguko: sanduku A shule ya kwanza, B ya pili, C ya tatu, halafu yanahama. Masanduku yawe moja zaidi ya idadi ya shule, ili lile la ziada libaki maktaba, vitabu vyake vikikaguliwa na kushonwa. Asiyeweka la ziada huishia kukagua vitabu barabarani, yaani hakagui.

Vitabu vya kuweka: usitume vile mlivyokusudia kutupa. Hilo ndilo kosa kubwa la huduma hizi, na wanafunzi wanalitambua siku ya kwanza. Nusu iwe ya masomo yanayofuata mtaala wa sasa, nusu ya kusoma kwa raha, na vya Kiswahili viwe vingi kuliko mnavyodhani vinahitajika. Vinavyochakaa haraka ni vya raha, kwa hiyo nunueni nakala mbili mbili.

Sanduku likirudi lisiingie moja kwa moja kwenye rafu. Lifunguliwe kwenye chumba kingine, kila kitabu kikung'utwe na kuangaliwa mgongo na kona: unga mwembamba, vitundu, mende, ukungu. Chenye wadudu kifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kiingie friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiachwe ndani ya mfuko mpaka kirudie joto la chumba, ndipo ufungue. Ukifungua kikiwa baridi unyevu wa hewa unageuka maji juu ya karatasi na unajizalia tatizo jipya. Kilicholowa kina saa 48 kabla ukungu haujashika. Kisimamishwe wima, kurasa zimefunuka kama kipepeo, feni ikipuliza hewani, si juu ya kitabu. Juani usianike, jalada litapinda na gundi itakatika.

Bajeti iwe na fungu la vitabu vitakavyopotea tangu mwaka wa kwanza. Huduma inayodai kila kitabu kirudi huishia kufungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, vitabu vizima, havijasomwa.

Nyongeza isiyo na gharama kubwa kwa shule zisizo na intaneti ya uhakika: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti), inayorusha Wi-Fi yake yenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ni nyepesi. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, basi kadi ya GB 256. Kadi iwe katika mfumo wa exFAT au ext4. Ikiwa FAT32 faili lolote linalozidi GB 4 halikubali kuandikwa, na watu hudhani kadi ni mbovu. Nunueni na chaja yenye nguvu inayostahili; chaja ya simu ya zamani ndiyo inayofanya kifaa kizime chenyewe wanafunzi kumi wakishaingia.

---

NuktaSita:

Namba 5. Kompyuta moja inatosha kuanzia, ila “pale” pasiwe kona ya nyuma karibu na choo, ambako huwekwa kila kitu ambacho hakuna anayejua kukitumia. Ghorofa ya chini, njia nyoofu kutoka mlangoni, bila nguzo wala kapu la takataka katikati, na mahali pake pasihamishwe. Anayekuja kwa kuhesabu hatua, mkisogeza meza mita mbili mmemfukuza.

Programu ni NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ya bure, kwa Windows. Inakuja na sauti ya eSpeak NG ambayo ina Kiswahili. Wengi wanaisakinisha wanaiacha kwenye Kiingereza, matokeo yake “kitabu cha chuo” inatamkwa kama mtalii aliyeshuka leo, na msomaji anaambiwa ndivyo ilivyo. Badilisha lugha ya sauti kwenye mipangilio, punguza kasi kwa wanaoanza, weka njia ya mkato ya kuhama kati ya Kiswahili na Kiingereza kwa sababu vitabu vya chuo vinachanganya. Kipokea sauti cha kichwani kiwe cha kufunika sikio lote. Kibodi iwe na vinundu kwenye F na J. Ikiwa vimesagika, badilisha kibodi.

Kinachokwamisha zaidi ni PDF. Kitabu kilichoskaniwa kama picha NVDA inakiona ukurasa mtupu. Lazima kipitie utambuzi wa maandishi. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, 400 kwa herufi ndogo, ukurasa ukiwa umenyooka. Programu ya kazi hiyo, Tesseract, ni ya bure na ina data ya Kiswahili (swa). Ukiiendesha kwa data ya Kiingereza inaharibu hasa ng' na maneno marefu yenye viambishi, kwa kuwa inajaribu kuyafananisha na maneno inayoyajua. Baada ya hapo mtu apitie vichwa vya habari aviweke kuwa vichwa kweli, siyo herufi nene tu. Msomaji wa NVDA anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza H. Bila vichwa kitabu cha kurasa 300 ni mstari mmoja mrefu. Jedwali na michoro hazijitengenezi, anahitajika mtu wa kuzieleza kwa maneno. Kadiria saa za mtumishi, si za mashine.

Kuhusu hakimiliki: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliotiwa nguvu tarehe 30 Septemba 2016, unaruhusu taasisi kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona na wenye ugumu wa kusoma machapisho bila kumwomba mwenye haki, na kuzipeleka ng'ambo kwa taasisi za nchi nyingine wanachama. Hakikisheni mambo mawili: nchi imejiunga, na sheria yake ya hakimiliki imerekebishwa ipasavyo. Nakala hizo zisiwekwe kwenye hazina ya wazi. Zikae kwenye folda ya wasomaji waliosajiliwa kwa huduma hiyo tu.

---

RafuYaTatu:

Nashukuru sana wote. La mwisho: uongozi utataka takwimu baada ya muhula. Tuhesabu nini?

---

MizaniYaHesabu:

Fuata mpangilio wa ISO 2789, kiwango cha kimataifa cha takwimu za maktaba, ili namba zenu zilingane na za maktaba nyingine: walioingia, vitabu vilivyoazimwa, wanachama hai, matukio na waliohudhuria. Wasomaji wa nje wawe na safu yao kila mahali. Mwanachama hai ni aliyetumia huduma angalau mara moja ndani ya mwaka, siyo kila mwenye kadi.

Kihesabio cha mlangoni cha mwali mmoja kinahesabu kuingia na kutoka, gawanya kwa mbili. Wakipita wawili bega kwa bega kinaona mmoja, na mlinzi akisimama mlangoni akijinyoosha kinahesabu mkono wake. Kwa hiyo siku moja kila mwezi mtu akae ahesabu kwa macho kwa saa mbili, mlinganishe, mpate kipimo cha kosa. Kisomeni kila jioni wakati wa kufunga na muandike. Betri ikiisha vingi vinarudi sifuri, na mwezi mzima unapotea.

Kwa masanduku msihesabu vitabu vilivyopelekwa. Hesabuni mistari iliyoandikwa kwenye daftari la shule, na vitabu ambavyo mstari wake haupo hata mmoja vitoeni sandukuni muhula unaofuata.